Nani Aliyevuruga Mapigo?

Ndugu msomaji, katika insha hii nitasema jambo litakalowaudhi watu wa aina tatu, na wote watatu ni rafiki zangu. Wa kwanza ni mwalimu wa kwaya anayesema kwamba muziki asiouelewa ni kelele. Wa pili ni kijana msomi anayesema kwamba kila kizuri kilichoko Ulaya kiliibwa Afrika. Wa tatu ni mjumbe wa kamati ya kanisa aliyetununulia kinanda cha umeme chenye midundo iliyopikwa kiwandani, kisha akatangaza kwamba sasa tumeendelea. Nitawaudhi wote kwa sababu ya kipande kimoja cha piano ambacho hakifiki hata dakika tatu. Mtu atauliza: mzee wa Mpanda na piano, wapi na wapi?

Ni haki kuuliza. Piano ya kweli, ile yenye nyuzi na nyundo ndani yake, nimeigusa mara moja tu maishani, katika chuo nilichosomea ualimu, nayo ilikuwa na vibao sita visivyolia. Hapa Mpanda sijawahi kuiona. Tulichonacho ni vinanda: zamani kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichopumua kama mgonjwa wa pumu, na siku hizi cha umeme. Noti za mistari mitano nazisoma kwa kujikongoja, maana sisi tulilelewa kwa do-re-mi iliyoandikwa kwa herufi ubaoni. Lakini nimefundisha kwaya kwa zaidi ya miaka 30, na masikio yangu bado ni mazima. Basi naomba nisikilizwe kama mtu wa kwaya, si kama bingwa.

Krismasi moja ya miaka hii ya karibuni mpwa wangu anayesoma muziki Dar es Salaam alikuja kunisalimu. Alishuka kwenye treni ya Kaliua akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kabla hata ya kuoga akanionyesha simu yake na karatasi alizotoa nakala chuoni. "Mjomba," akasema, "nimekuletea kitu. Sikiliza kwanza, nitakueleza baadaye." Tulikuwa tumekaa barazani, mimi na mzee mwenzangu ambaye naye alifundisha kwaya miaka mingi. Kipande kikapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilipokwisha, mzee mwenzangu akatikisa kichwa. "Huyo mpiga kinanda amelewa," akasema. Mpwa wangu akacheka kwa heshima, kisha akajibu: "Hapana, baba. Hiyo ni ngoma yetu. Wazungu wametuibia."

Mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa hekima. Nilinyamaza kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukigonga goti bila idhini yangu, na yale uliyokuwa ukiyagonga niliyatambua, na kuyatambua kule kulinitia aibu. Aibu hiyo nitaieleza. Lakini kwanza tukitazame kipande chenyewe, kwa maana haifai kukigombania kitu ambacho hatujakitazama.

Kipande kinaitwa Désordre, neno la Kifaransa lenye maana ya vurugu, mambo yaliyokosa mpango. Mtunzi wake ni György Ligeti, Myahudi wa Hungaria aliyezaliwa mwaka 1923 huko Transylvania, katika nchi ya Romania, na kufariki Vienna mwaka 2006. Ni cha kwanza katika mazoezi yake 18 ya piano, aliyoyatunga kati ya mwaka 1985 na 2001. Neno zoezi lisikupotoshe, ndugu msomaji. Si zoezi la mtoto wa darasa la kwanza. Ni kipande kinachowatoa jasho wapigaji mashuhuri wa dunia.

Mpango wake ni huu. Mkono wa kulia unapiga vibao vyeupe peke yake, na wa kushoto unapiga vibao vyeusi peke yake. Kwa hiyo mkono mmoja una sauti saba, mwingine una sauti tano, na tangu mwanzo kila mkono unaishi katika nyumba yake. Yote miwili inakimbia kwa mapigo madogo madogo yaliyo sawa, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Juu ya mbio hizo, mara kwa mara pigo moja linapigwa kwa nguvu, na sikio huyaunganisha mapigo hayo ya nguvu likayafanya wimbo. Mwanzoni mikono inakwenda pamoja: mapigo manane, yamegawanywa matatu na matano, au matano na matatu. Kisha, kwenye fungu la nne, mkono wa kulia unapunguza pigo moja. Moja tu. Fungu lililotakiwa kuwa na mapigo manane linakuwa na saba. Mkono wa kushoto hauna habari. Unaendelea na nane yake.

Umewahi kuwaona watu wawili wakitembea pamoja juu ya mataruma ya reli? Wakianza pamoja hukanyaga pamoja. Mmoja wao akiruka taruma moja, basi kuanzia hapo nyayo zao hazisikiki tena kama za mtu mmoja. Akiruka tena baada ya hatua kadhaa, pengo linaongezeka. Wote wawili bado wako juu ya reli ile ile, mataruma ni yale yale, na hakuna aliyekosea hatua. Lakini anayewasikia kwa mbali atadhani kuna kundi linakimbizana. Ndivyo Désordre ilivyo. Huku wimbo wa mkono wa kulia ukizidi kupanda na wa kushoto ukizidi kushuka, na mapigo ya nguvu yakizidi kusogeleana, msikilizaji huhisi kwamba nyumba inabomoka. Kumbe hakuna tofali lililoondolewa pasipo hesabu.

Sasa namjibu rafiki yangu wa kwanza. Mzee mwenzangu, mlevi hahesabu. Mlevi hukosea kila mara kwa namna mpya, lakini huyu anapunguza pigo lile lile mahali pale pale. Jina la kipande ni vurugu, ila mwili wake ni sheria tupu. Wala tabia yake si ya hasira, kama ulivyodhani kwa sababu ya nguvu za mapigo. Ni tabia ya mtu mwenye nidhamu aliyeshikwa na wasiwasi: kila kitu anakifanya sawasawa, na bado mambo yanamponyoka. Ukisema ni kelele, umesema tu kwamba masikio yako yanajua kuhesabu hadi nne na yanakataa kuendelea. Nami siwezi kukucheka, maana masikio yangu yalikuwa hivyo hivyo, tena yalifanya ubaya zaidi.

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi, si mbali na Katumba. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, maana Mkoa wetu wa Katavi haukuzaliwa hadi mwaka 2012. Katumba ni makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini kwao. Baadaye katika wilaya hiyo hiyo yakaanzishwa makazi ya Mishamo. Watu hao walikuja na vichache mikononi, lakini vichwani walikuja na vingi, na kimojawapo kilikuwa ngoma.

Kwa msomaji asiyeijua ngoma ya Warundi, nieleze kidogo. Ngoma ni kubwa, za magogo, zimesimamishwa nusu duara. Kundi moja la ngoma, ziitwazo amashakwe, hushika mapigo yasiyokoma, kama mvua juu ya bati. Kundi la pili, ibishikizo, hupiga mapigo ya mkazo yanayofuata ngoma ya katikati, inkiranya, na mpigaji wa ngoma hiyo ya katikati huruka na kucheza huku akiwaongoza wenzake. Mvua haibadiliki. Mkazo ndio unaohamahama juu yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Sisi tuliokuwa majirani tuliisikia jioni, upepo ukitoka upande ule, na tukaiita kelele za wakimbizi.

Katika kwaya yangu ya shule palikuwa na mvulana mmoja kutoka Katumba. Tulikuwa tunajiandaa kumwimbia mgeni rasmi, wimbo wa kusifu kilimo, nami nilikuwa nimewafundisha watoto kupiga makofi mawili katika kila kipimo. Mvulana yule alikuwa akipiga matatu katika nafasi ya mawili. Hakuwa akicheza wala hakuwa mtundu. Alikuwa amefumba macho. Makofi yake ya kwanza yaliangukia pamoja na ya wenzake, kisha yakapita katikati, kisha yakarudi pamoja, kila kipimo, bila kukosea hata mara moja. Nilisimamisha wimbo. Nikagonga meza kwa rula na kumwambia, mbele ya watoto wote: "Wewe unatuvurugia mapigo!" Tukaanza tena. Akapiga tena matatu. Nikamtoa nje, naye hakurudi kwaya mpaka alipomaliza shule.

Mwaka ule ule wa 1985, kama nilivyokuja kuambiwa na mpwa wangu, mzee mmoja wa Ulaya mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, mtunzi mwenye jina kubwa, alikuwa amekaa mezani akijifunza kwa taabu kile ambacho mtoto yule alikijua kwa viganja. Mimi nilikuwa nacho darasani, bure, kimevaa kaptula yenye kiraka, nami nikakifukuza kwa rula. Hii ndiyo aibu niliyoitaja. Kwa hiyo nikisema maneno makali hapa chini, msomaji ajue kwamba rula naanza kujipiga nayo mwenyewe.

Ligeti alijifunza wapi? Hakufika Katumba, na sidai kwamba aliwahi kulisikia jina la Mpanda. Mwaka 1982 mwanafunzi wake wa zamani, Roberto Sierra, mtu wa Puerto Rico, alimsikilizisha muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na Simha Arom. Habari za Arom huyo zinastahili kusimuliwa kwenye kila kamati ya kwaya. Alikuwa mpiga honi (French horn) kutoka Israeli, na mwaka 1963 alipelekwa Afrika ya Kati kuanzisha bendi ya matarumbeta. Alikwenda kufundisha. Alipofika akawasikia wenyeji wakipiga pembe, kila mtu na pembe yake ya sauti moja tu, mmoja akiingia pale mwenzake anapotoka, na kutoka kwenye sauti moja moja hizo ukatokea muziki mzito usio na mwenyewe. Basi mwalimu akageuka mwanafunzi, na kazi hiyo ikawa ndiyo maisha yake.

Chimbuko la pili liko karibu zaidi nasi. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, alikwenda Uganda mwishoni mwa mwaka 1959 na kujifunza kupiga amadinda, marimba ya Waganda. Mwalimu wake alikuwa Evaristo Muyinda. Amadinda ina vibao 12 vya mti vilivyolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja ana wimbo wake, na mapigo ya mmoja huingia katika mapengo ya mwenzake. Wa tatu hupiga vile vibao viwili vya juu peke yake. Ajabu ni kwamba anayesikiliza husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa watatu hao anayezipiga. Kubik aliziandikia nyimbo hizo za ndani, na maandishi yake yakamfikia Ligeti.

Mama zetu wangecheka kusikia hilo linaitwa ajabu. Nenda kijiji chochote cha Katavi ambacho bado hakijapata mashine ya kusaga, usikilize wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka. Kila mwanamke anatwanga polepole tu, kwa mwendo wa mkono wa mtu. Lakini aliyeko ng'ambo ya shamba anasikia mwendo wa haraka ambao hakuna mkono wa mtu unaoweza kuupiga. Wakiwa watatu, na mmoja wao akigonga ukingo wa kinu kwa mzaha, tayari pana wimbo. Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Haikuanzia Vienna.

Hapo kijana wangu msomi atapiga makofi na kusema: umeona, Mjomba? Wametuibia! La hasha, kijana. Kaa chini, nawe nina neno nawe.

Kwanza, wizi hufanywa gizani, na huyu alisema hadharani alikotoa. Aliwataja Arom na Kubik. Aliwataja pia Conlon Nancarrow, yule Mmarekani aliyeishi Mexico akitoboa karatasi za piano za kujipiga zenyewe. Akawataja Chopin, Schumann, Scarlatti na Debussy, na watu wa jazi, Thelonious Monk na Bill Evans. Mtu mwenye madeni mengi kiasi hicho, na anayeyasoma yote kwa sauti, si mwizi. Kama pana dhuluma, basi iko mahali pengine: jina la mtafiti limeandikwa na kurudiwa, lakini majina ya wapiga pembe wa Kibanda hayasomwi katika ukumbi wa Paris wala wa Berlin, na hata jina la Muyinda, ambalo tunalo, ni wachache wanaolitaja. Piga kelele juu ya hilo, kijana, nami nitakushika mkono. Dai majina. Usidai kipande, maana kipande si chetu.

Pili, tazama tabia yake, utaona kwamba si chetu. Mwaka 2003 mpiga piano Pierre-Laurent Aimard alitoa sahani yenye vipande vya Ligeti pamoja na nyimbo za Mbilikimo wa Aka, waimbaji wenyewe wakiimba. Mpwa wangu alinisikilizisha hiyo pia, na ndipo nilipoelewa. Kwa Waaka, na katika ngoma ya Katumba, na kwenye kinu cha mama zetu, watu hutofautiana ili wakutane. Mtu wa matatu na mtu wa mawili wanajua kwamba kipimo kijacho watakanyaga pamoja, na ile furaha ya kukanyaga pamoja ndiyo ngoma. Katika Désordre mikono inatofautiana ili ipoteane. Na wanaopoteana si jirani na jirani. Ni mikono miwili ya mtu mmoja, aliyekaa peke yake mbele ya watu walionyamaza, ambao hawaruhusiwi hata kugonga kiatu. Ametwaa mapigo madogo ya Afrika akaeleza kwayo jambo la kwake. Mtu huyu alitumikishwa kwa nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili, baba yake na ndugu yake wakafia katika kambi za Wanazi, na mwaka 1956 akaikimbia Hungaria. Sitadai kwamba kipande hiki ni historia ya maisha yake, maana sina haki hiyo. Nasema tu kwamba wasiwasi ninaousikia ndani yake si wetu, na kumnyang'anya mtu wasiwasi wake ni wizi pia.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Anayelia kuibiwa ni lazima kwanza aonyeshe kwamba alikuwa amekitunza. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Uganda lilivamia jumba la Kabaka, Lubiri, na ule muziki wa marimba wa ikulu ukasambaratika: vyombo vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Hakuna Mzungu aliyetoa amri hiyo. Kwa miaka mingi baadaye, sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilihifadhiwa katika vichwa vya wazee wachache na katika kanda na daftari za watafiti. Tuseme kweli: yule tunayemwita mwizi alikuwa akiokota tulivyovitupa barabarani.

Na bado tunatupa. Hapa namgeukia rafiki yangu wa tatu, mjumbe wa kamati.

Katika kanisa moja hapa mjini, ambalo sitalitaja kwa jina kwa kuwa yanafanana mengi, tulichanga fedha mwaka mzima tukanunua kinanda cha umeme. Ni chombo kizuri, sikatai. Lakini upande wa kushoto kina vitufe vya midundo. Ukibonyeza kimoja, ngoma za kiwandani zinaanza kujipiga zenyewe, nne nne, sawasawa, hadi umeme ukatike. Toka siku hiyo kila wimbo wetu umekuwa wa nne. Wimbo wa mavuno ambao wazee waliuimba kwa kupishana, wa nne. Wimbo wa kutwanga tuliougeuza kuwa wa matoleo, wa nne. Palipokuwa na pigo la ziada tumelikata, na palipopungua tumejazia. Wapiga ngoma wetu watatu walikaa na ngoma zao Jumapili mbili, wakitafuta mahali pa kuingia. Mashine haina mapengo. Jumapili ya tatu hawakuja.

Unaona basi nani aliyevuruga mapigo? Mtunzi aliyeita kipande chake Vurugu aliweka ndani yake sheria mbili zinazoishi pamoja. Sisi tuliokinunua kinanda kwa ajili ya utaratibu tumefuta sheria zote isipokuwa moja, tena ya kiwanda. Ukiniuliza, vurugu ni hii ya pili.

Najua majibu ya kamati, maana niliwahi kuwa mjumbe wake. Jibu la kwanza: kinanda hakichelewi, hakiombi chai, wala hakigombani na mwenyekiti. Ni kweli. Wapiga ngoma wanachelewa, na mmoja wao anakunywa. Lakini kwa hoja hiyo tungeweza pia kuwaondoa waimbaji, maana nao huchelewa, na kinanda kina kitufe cha sauti za kuimba. Jibu la pili: ngoma ni za matambiko, hazifai kanisani. Hoja hii imepitwa na wakati zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba katika nchi za misioni muziki wa watu wenyewe upewe heshima na nafasi inayostahili. Mwaka huo huo padre wetu wa Kitanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Basi wenzetu walikwisha kutufungulia mlango. Tulioufunga tena ni sisi, kwa kitufe.

Jibu la tatu ndilo la kweli, ingawa halisemwi kwenye kikao: tunaona haya. Mwalimu Nyerere alilisema mapema, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda wizara ya utamaduni, kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za kigeni na hawakuijua hata ngoma moja ya kwao. Miaka zaidi ya 60 imepita. Warundi wa Katumba na Mishamo, zaidi ya laki moja na nusu wakihesabiwa na wenzao wa Ulyankulu, wamepewa uraia wa Tanzania, na vyeti walivipokea kuanzia mwaka 2014. Ni ndugu zetu kwa sheria. Lakini ngoma yao bado tunaiita kelele, kama tunavyoiita ushamba bugobogobo ya Wasukuma, ambao wamehamia hapa na majembe yao na wanajua kulima hekari nzima kwa mapigo. Haya hiyo haitaondolewa na Mzungu kutusifu. Wengine hapa wakisikia kwamba mtunzi mkubwa wa Ulaya alijifunza kwa Waafrika, wataanza kuipenda ngoma kwa sababu ya cheti hicho. Hayo ni maradhi yale yale, yamevaa kanzu mpya. Kinu cha mama yako kilikuwa na akili kabla ya mwaka 1985.

Nasema nini, basi? Sisemi tuvunje kinanda, wala sisemi watoto wa Mpanda wapigishwe Désordre, maana ingewashinda hata walimu. Nasema mambo matatu madogo. Mzee mwenzangu, ukisikia muziki usiouelewa, hesabu kwanza, kisha ndipo useme amelewa. Kijana wangu, kabla ya kudai kipande cha Ligeti, nenda Katumba na simu yako hiyo hiyo, uwarekodi wazee wa ngoma, uandike majina yao yote, ya wote, si ya kiongozi peke yake. Na wewe mjumbe, Krismasi ijayo chagua wimbo mmoja, mmoja tu, uzime kitufe cha mdundo. Kinanda kishike sauti. Mapigo waachie watu.

Yule mvulana niliyemtoa kwaya nilikutana naye miaka mingi baadaye, stesheni ya Mpanda, akisubiri mzigo wa mbegu. Alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akanisaidia kubeba begi langu. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Nilitaka kumwomba radhi, nikakosa pa kuanzia, nikamuuliza kama bado anapiga ngoma. Akatabasamu. "Watoto hawataki, Mwalimu," akasema. "Wanasema ninawavurugia."

Neno hilo nilimfundisha mimi. Naye amerudishiwa na watoto wake mwenyewe. Kama Krismasi ijayo kitufe kitazimwa, nitamfuata Katumba kwa miguu yangu, nimlete, nimketishe mbele ya kwaya yote, na nitamwambia apige matatu. Makofi mawili nitapiga mimi.